Kutafuta kunakovuja vakyumu kwenye injini ya zamani, bila kubahatisha

Injini ikiwa kwenye sailensa, yaani inazunguka taratibu bila kukanyagwa mafuta, throto (kisahani kinachofungua na kufunga njia ya hewa) imefungwa karibu yote. Pistoni zinavuta, lakini njia iliyoachwa ni nyembamba, kwa hiyo ndani ya manifoldi ya hewa, mabomba yanayogawa hewa kwa silinda, shinikizo hushuka hadi kilopaskali 30 au 40, ilhali hewa ya nje kwenye usawa wa bahari ina kilopaskali 101. Tofauti hiyo ndiyo vakyumu. Ufa, tundu au gasketi iliyochoka popote baada ya throto huwa mlango wa pili, na hewa inayoingilia hapo haijahesabiwa: kabureta haikuipimia petroli, na kompyuta haikuiona ikipita kwenye sensa.

Kiasi chake huwashangaza wengi. Tundu la kipenyo cha milimita 2 huingiza takriban gramu 0.6 za hewa kwa sekunde injini ikiwa kwenye sailensa. Injini ya lita 1.6 iliyokwisha pata moto huhitaji kama gramu 2 tu kwa sekunde ili iendelee kuzunguka gari likiwa limesimama, kwa hiyo kitundu hicho kimoja kinaleta karibu theluthi ya hewa hiyo. Barabarani injini ile ile huvuta gramu 15, 20 au zaidi, na kitundu kile kile kinabaki asilimia chache ambazo hakuna anayezihisi. Ndiyo maana gari linalovuja vakyumu hutetemeka na kuzima likisimama, kisha likikimbia linaonekana zima kabisa. Likifanya kinyume chake, yaani sailensa imetulia lakini linakosa nguvu mlimani, achana na vakyumu. Kaangalie pampu ya mafuta, chujio la mafuta au waya za plagi.

Dalili zinategemea injini inapimaje hewa

Hapa ndipo mafundi wengi wa nyumbani wanapopotea, kwa sababu wanasoma dalili za gari la jirani na kuzitafuta kwenye la kwao.

Injini ya kabureta hukosa petroli ya kutosha kwa hewa iliyoongezeka. Sailensa inashuka, inatikisika, injini inakohoa kupitia kabureta unapokanyaga mafuta ghafla, na skrubu ya mchanganyiko haijibu: unaizungusha zamu nzima, injini haisemi kitu.

Injini ya nozeli (inayopuliziwa petroli badala ya kutumia kabureta) yenye sensa inayopima hewa njiani, iwe ya waya wa moto au ya mlango unaofunguka kama ilivyo kwenye magari mengi ya miaka ya 1980, hupatwa na tatizo hilo hilo. Hewa ya pembeni haikupita kwenye sensa, petroli iliyotolewa ni pungufu, injini inamisi, yaani baadhi ya silinda hazichomi. Gari likiwa na kompyuta inayotoa misimbo utaona P0171, msimbo wa petroli pungufu, na kwenye injini ya V mara nyingi P0174 ya upande wa pili pamoja nayo. P0171 peke yake kwenye injini ya V inakuonyesha uanzie upande gani.

Injini yenye sensa ya MAP haifuati mkondo huo. Sensa hiyo inapima shinikizo ndani ya manifoldi yenyewe, kwa hiyo hewa ya pembeni nayo inahesabiwa. Kompyuta inaona shinikizo limepanda na kuongeza petroli. Matokeo ni sailensa ya juu, mizunguko 1,200 au 1,500 kwa dakika badala ya 800, bila kumisi na pengine bila taa ya injini kuwaka. Mtu akikuambia haiwezi kuwa vakyumu kwa sababu hakuna msimbo wa mafuta machache, muulize kwanza gari lina sensa gani.

Halafu kuna ile sailensa inayopanda na kushuka kwa mpigo. Kompyuta nyingi hukata petroli throto ikiwa imefungwa na mizunguko ikiwa juu ya kiwango fulani, kwa kuwa zinaamini gari linateremka mlima. Hewa ya pembeni inapandisha mizunguko hadi kiwango hicho, petroli inakatwa, mizunguko inaanguka, petroli inarudi, inapanda tena. Inaweza kuendelea hivyo hadi tangi liishe.

Kabla ya kushika bisibisi

Usiguse skrubu ya sailensa wala ya mchanganyiko. Gari la miaka 25 au 30 limeshapitia mikono mingi, na kuna uwezekano mkubwa mtu alikwisha kuzizungusha ili kuficha tatizo hili hili. Ukiziongezea zamu zako, umepoteza alama pekee uliyokuwa nayo. Ikiwa ni lazima, funga skrubu taratibu hadi iguse, ukihesabu zamu, andika idadi, kisha irudishe ilipokuwa. Usiikaze ikigusa, ncha yake ni laini na kiti chake ni laini zaidi.

Hakikisha pia plagi, waya, kifuniko cha distributa (kinachogawa umeme kwa plagi) na taimingi (wakati wa kurusha cheche) viko sawa. Silinda isiyochoma kwa sababu ya waya mbovu hutetemesha injini vile vile, na hakuna moshi wala dawa ya kupulizia itakayokuonyesha hilo.

Sasa chukua geji ya vakyumu. Ni chombo rahisi na kwa injini za zamani nakiona bora kuliko skana nyingi. Iunganishe kwenye tundu la manifoldi lililo baada ya throto. Kabureta nyingi zina tundu jingine juu kidogo ya kisahani cha throto, la kupelekea advansi ya distributa, inayowahisha cheche. Hilo halina vakyumu kwenye sailensa, na ukipima hapo utadhani injini imekufa. Pasha injini moto, zima kiyoyozi na taa, kisha soma.

Injini nzima hukaa kati ya inchi 17 na 22 za zebaki, mshale ukiwa umetulia. Ukiwa mahali pa juu, punguza kama inchi moja kwa kila mita 300 za mwinuko. Kwenye mita 1,500 geji ikisema 15 usiogope. Mshale uliotulia lakini uko chini sana, kati ya 8 na 14 hivi, unaashiria hewa ya pembeni inayogawanywa kwa silinda zote: gasketi ya kabureta, gasketi ya throto, mpira mkubwa uliochanika. Taimingi iliyochelewa nayo hushusha mshale, kwa kawaida si chini ya 14, ndiyo sababu nimesema taimingi ipimwe kwanza. Mshale unaodunda kwa mpigo mmoja usiobadilika unaelekeza kwenye silinda moja, labda gasketi ya manifoldi kwenye mlango wake, labda vali inayovuja. Mshale unaotetemeka haraka kwenye sailensa na kutulia ukipiga resi mara nyingi ni mirija ya kuongozea vali (valve guides) iliyolika. Na kama ukishikilia 2,500 mshale unashuka polepole kuelekea chini, njia ya moshi imeziba. Hiyo ni habari nyingine kabisa.

Kwa magari yenye soketi ya OBD-II, ile ya kusomea kompyuta ya gari (Marekani magari yote mapya ya abiria kuanzia mwaka wa modeli 1996, Ulaya magari mapya ya petroli kuanzia 2001) skana inakupa kipimo kizuri zaidi: asilimia ya petroli ambayo kompyuta inaongeza au kupunguza. Jumlisha ile ya muda mfupi na ile ya muda mrefu. Kwenye sailensa ikisoma +20, kisha ukishikilia 2,500 ikashuka hadi +3 au +4, hewa ya pembeni umeipata hata kabla ya kufungua chochote. Ikiwa inaongezeka kadiri unavyopiga resi, mafuta hayafiki ya kutosha au sensa ya hewa imechafuka.

Gawanya injini mara mbili

Watu huanza na kopo la dawa na kupulizia kila mahali. Njia hiyo huleta jibu mara chache, na zaidi huleta majibu ya uongo. Anza kwa kuigawanya injini: je, uvujaji uko kwenye manifoldi yenyewe, au kwenye vitu vinavyoning'inia juu yake?

Piga picha ya mipira yote ya vakyumu, kisha ifunge utepe wenye namba. Magari mengi ya miaka ya 1980 na 1990 yana stika ya mchoro wa mipira hiyo chini ya boneti. Ikiwa bado inasomeka, ilinganishe na ulichonacho, maana kukuta mpira umechomekwa tundu lisilo lake si ajabu. Kisha chomoa kila mpira unaotoka kwenye manifoldi na uzibe matundu kwa vifuniko vya mpira, au kwa kipande kifupi cha mpira kilichochomekwa bolti. Usiuzibe ule wa vali ya sailensa kwenye injini ya nozeli. Huo ndio unaoipa injini hewa throto ikiwa imefungwa.

Washa. Geji ikipanda na sailensa ikatulia, manifoldi ni nzima na mwizi yuko kwenye mpira mmojawapo. Rudisha mmoja mmoja, ukiangalia mshale, mpaka mmoja uushushe. Isipobadilika kitu, mipira yote imeachiwa huru na unabaki na gasketi, throto, nozeli na EGR (vali inayorudisha sehemu ya moshi wa ekzosti ndani ya injini) tu. Kazi hii inachukua kama nusu saa, na inaokoa siku nzima.

Kubana mipira kwa koleo bila kuichomoa ni haraka zaidi, lakini kwenye gari la zamani mpira uliokauka kama ukuni unapasuka ukiubana, na sasa una matatizo mawili. Bana ile inayokubali kupinda tu.

Mpira wa PCV unahitaji neno lake. Vali ya PCV ni uvujaji uliopimwa tangu kiwandani: inavuta mvuke wa oili kutoka tumbo la injini na kuurudisha uchomwe. Ukiuziba, sailensa inashuka kidogo, na hiyo ni kawaida. Kinachotafutwa ni mshuko mkubwa, au injini inayotulia kabisa baada ya kuziba. Kagua kiwiko chake upande wa chini, ule usioonekana. Mvuke wa oili hulainisha mpira huo mpaka ukuta wake unafyonzwa ndani, kisha unapasuka pale pale kwenye kona. Kwa juu unaonekana mpya.

Hidrovaki ya breki, kifaa kinachotumia vakyumu kusaidia mguu wako kukanyaga, ndiyo mtumiaji mkubwa kuliko wote, na pia ndiyo inayohusu usalama. Zima injini, kanyaga breki mara 4 au 5 kuondoa vakyumu iliyobaki, shikilia pedeli, kisha washa. Pedeli inapaswa kuzama kidogo chini ya mguu. Isipozama, ama vakyumu haifiki, ama hidrovaki yenyewe imekufa. Ukisikia mvumo wa hewa miguuni unaposhikilia breki, na sailensa ikabadilika wakati huo huo, kiwambo (utando wa mpira wa ndani) au sili imechoka. Usitafute zaidi, na usiendeshe gari hilo mpaka lirekebishwe. Vali ya njia moja kwenye mpira wake ijaribu kwa kupuliza: hewa ipite kuelekea kwenye injini tu.

Vingine vinavyoning'inia vijaribu kwa pampu ya mkono ya vakyumu. Weka inchi 15 hadi 20 kwenye kiwambo cha advansi ya distributa na usubiri dakika moja, mshale usishuke. Regileta ya presha ya mafuta ichunguze kwa macho: ukichomoa mpira wake mdogo ukakuta petroli ndani, kiwambo kimepasuka. Giaboksi za otomatiki za zamani zina kiwambo cha vakyumu kilichofungwa ubavuni. Kikipasuka, injini hunywa mafuta ya giaboksi na kutoa moshi mzito, na wengi hufungua injini wakidhani ni ringi. Kwenye magari ambayo milango ya hewa ya dashibodi huendeshwa kwa vakyumu, sogeza swichi ya hita kila nafasi huku mwenzako akiangalia geji. Nafasi moja ikiushusha mshale, umemaliza. Tatizo liko nyuma ya dashibodi, na pole sana.

Kupulizia

Umeshajua upande, sasa tafuta mahali. Anza na masikio: kipande cha mpira cha sentimita 60, ncha moja sikioni, nyingine ikipita taratibu kando ya gasketi na viungo. Kaa mbali na mikanda na feni. Uvujaji wa ukubwa wa kati unafyonza kwa sauti kali. Mkubwa sana mara nyingi hauna sauti ya maana, unavuma tu.

Maji kwenye chupa ya kupulizia ndiyo njia ninayoipenda kwa kuanzia, kwa sababu hayashiki moto. Pulizia kiungo cha gasketi: maji yanaziba ufa kwa sekunde moja au mbili, sauti inabadilika, mizunguko inacheza. Usilowanishe distributa, koili wala soketi za waya.

Kabureta klina au gesi ya propani isiyowashwa huonyesha uvujaji mdogo zaidi, kwa kuwa injini inaichoma: ikifyonzwa, mizunguko inapanda. Lakini manifoldi ya moshi iko karibu, mara nyingi chini kabisa ya ile ya hewa, na waya mbovu wa plagi unaweza kurusha cheche. Fanya kazi nje, kizimamoto kikiwa mkononi na si garini, kwenye injini iliyopata moto wa wastani tu. Usitumie brake klina yenye klorini: ikichomwa inaweza kutoa fosijeni, gesi yenye sumu kali. Soma kopo kabla.

Pulizia kwa kimrija, sekunde moja, kisha subiri sekunde 5 hadi 10. Bila kusubiri hutajua ni pulizo lipi lililojibu. Anza upande ambao upepo wa feni unaelekea, urudi kuelekea kwenye feni, la sivyo mvuke unapeperushwa hadi mahali pengine na kukudanganya. Kuwa mwangalifu zaidi karibu na mdomo wa ea klina. Mvuke ukiingia pale mizunguko itapanda hata kwenye injini isiyo na tatizo lolote.

Injini yenye vali ya sailensa inayoendeshwa na kompyuta ina ujanja wake. Mizunguko ikitaka kupanda, kompyuta inafunga vali na huoni kitu. Chomoa soketi ya vali hiyo wakati wa jaribio, au acha kuangalia mizunguko na uangalie sensa ya oksijeni. Sensa ya kawaida hucheza kati ya volti 0.1 na 0.9, kwenye gari linalovuja hukaa chini ya 0.45, kisha inaruka juu mara tu dawa inapofyonzwa. Multimita ya kidijitali inatosha. Usiitoboe waya; pima nyuma ya soketi.

Kwenye kabureta na throto kuukuu, pulizia ncha zote mbili za shafti ya throto. Shafti ishike kwa vidole uitikise juu na chini. Uchezaji unaouhisi ni hewa inayoingia, na hakuna gasketi itakayouponya. Dawa yake ni bushi mpya. Kwenye nozeli, jaribu kuizungusha kila moja kwa mkono injini ikiwa imezimwa: ile inayozunguka bila ukinzani wowote oringi yake ya chini imekauka. Na bomba la mpira kati ya sensa ya hewa na throto livutwe, likunjuliwe, lichunguzwe ndani ya mikunjo. Nyufa zake nyingi hufunguka pale tu injini inapojitikisa kwenye gia, kwa hiyo kwenye nyutro gari halioneshi kitu.

Rudia jaribio injini ikiwa baridi. Plastiki na gasketi ngumu hujibana zikipoa na kuacha upenyo, kisha hutanuka na kuuziba baada ya dakika 10. Gari linalotetemeka asubuhi tu linajieleza lenyewe.

Moshi

Moshi ndio hakimu wa mwisho, na unafanya kazi injini ikiwa imezimwa, jambo linaloondoa hatari ya feni na moto. Mashine ya nyumbani ni kopo la chuma lenye kifuniko kinachobana, mafuta ya watoto ya madini kidogo chini, utambi wa nyuzi za kioo, na hita plagi ya injini ya dizeli inayogusa utambi huo, ikilishwa na betri ya volti 12 kupitia fyuzi. Njia moja ya kopo inapokea hewa, nyingine inatoa moshi kwa mpira wa mita 2, kopo likiwa mbali na gari. Washa hita kwa nusu dakika kwa wakati mmoja, hewa ikiwa inapita. Kukiwa na harufu ya petroli popote, tafuta chanzo chake kwanza. Hii siyo kazi ya siku hiyo.

Shinikizo lisizidi psi 1, kama milibari 70. Pampu ndogo ya tangi la samaki inatosha. Kompresa ya matairi iliyounganishwa moja kwa moja inasukuma nje sili za krenki na kukutengenezea uvujaji wa oili ambao hukuwa nao.

Ziba mdomo wa hewa baada ya ea klina kwa glavu au mfuko imara, ingiza moshi kupitia tundu la hidrovaki, na usubiri dakika kadhaa manifoldi ijae. Mulika kwa tochi kali, ukiiweka kando ili mwanga ukate moshi. Moshi ukitoka kwenye ekzosti usishtuke. Injini imesimama mahali ambapo vali za silinda moja ziko wazi. Ukitoka kwenye kijiti cha oili au kifuniko cha oili, usiupuuze. Injini nyingi zenye sensa ya kupima hewa huhesabu tumbo la injini kuwa sehemu ya njia ya hewa, na kifuniko cha oili chenye sili iliyokauka kinatosha kuwasha P0171.

Vinavyojificha hata kwa moshi

EGR iliyokwama wazi haileti hewa ya nje. Inaleta moshi wa ekzosti ndani. Geji inashuka, sailensa inachafuka, wala dawa haioneshi kitu. Fungua vali, weka bati jembamba kati yake na manifoldi kwa muda, washa. Injini ikitulia, isafishe masizi au ibadilishe, kisha utoe bati.

Vali ya mvuke wa tangi nayo hukwama wazi. Injini ikiwa baridi kwenye sailensa, chomoa mpira upande wa kopo la mkaa na uweke kidole kwenye vali: kusiwe na mvuto.

Gumu kuliko yote ni gasketi ya manifoldi kwenye injini za V inayovuja kwa ndani, upande wa bonde lililo juu ya kemshafti. Hapo injini inafyonza mvuke wa oili, si hewa ya nje, kwa hiyo huwezi kuifikia kwa kupulizia. Dalili zake ni plagi zenye oili, moshi wa bluu na oili inayopungua bila kudondoka. Chomoa PCV na uzibe tundu lake la manifoldi, ziba njia zote za kupumulia, kisha weka karatasi juu ya mdomo wa oili injini ikiwa kwenye sailensa. Injini ya kawaida itaisukuma karatasi juu kidogo. Ikiivuta chini, gasketi hiyo imekwisha.

Kuziba

Mpira uliokauka nchani tu, na una urefu wa ziada, kata milimita 10 na uurudishe. Zaidi ya hapo, badilisha wote. Mipira midogo ya vakyumu iwe na ukuta mnene usiojifunga ukivutwa, na kipenyo cha ndani kibane tundu bila kulazimishwa. Silikoni ya rangi inapendeza lakini haivumilii oili wala petroli. Kwenye PCV na regileta ya mafuta tumia mpira uliotengenezwa kwa oili na petroli. Hidrovaki ipate mpira wake maalum wa vakyumu. Mpira wa hita unaweza kufyonzwa ukajifunga ndani, na utaligundua hilo wakati unahitaji breki.

Gasketi ya manifoldi: safisha uso wa alumini kwa kikwangulio cha plastiki, si patasi, na uzibe milango ya silinda kwa vitambaa. Pima unyoofu kwa rula ya chuma na fila geji. Kaza bolti kuanzia katikati kwenda nje, kwa hatua mbili au tatu, kwa kipimo cha kitabu cha gari. Bolti za milimita 8 kwenye alumini mara nyingi huwa kati ya Nm 15 na 25. Usijaze silikoni ya chupa chini ya kabureta. Petroli huilainisha, na vipande vyake huingia ndani. Nati za kabureta zikikazwa kupita kiasi hupinda ukingo wake, na ukingo uliopinda utavuja kwa kila gasketi utakayonunua.

Baada ya hapo rudisha marekebisho. Kwenye nozeli futa misimbo ili masahihisho ya petroli yaanze upya, endesha gari kwa mwendo wa aina mbalimbali, kisha usome tena kwenye sailensa: kati ya −5 na +5 ni pazuri. Kwenye kabureta, tarajia sailensa mbaya zaidi mara tu uvujaji unapozibwa, maana petroli iliyoongezwa kuuficha bado ipo. Weka taimingi, kisha zungusha skrubu ya mchanganyiko mpaka geji isome juu kabisa, shusha sailensa hadi kipimo cha kitabu, rudia mchanganyiko, na umalizie na sailensa tena, kwa kuwa moja hubadilisha nyingine.